Tahariri Mbili za Kanali Pugh

Vijana wangu, mmeniandikia kwamba mnaanzisha jarida pale chuoni kwenu, na mnataka mzee aje Saint Paul awafundishe kazi. Magoti yangu yamezikataa ngazi za chuo chenu, kwa hiyo nawaandikia. Kompyuta sitawafundisha, maana kompyuta ikinisumbua nampigia simu mjukuu. Nitawaeleza habari za herufi za risasi, zile za madini tulizochapia zamani, habari za mhariri mmoja aliyekufa zamani, na kosa moja nililolifanya mimi mwenyewe nikiwa na akili zangu timamu. Mwenye haraka akasome simu yake.

Mhariri huyo aliitwa Kanali Lysander Pugh. Msihangaike kutafuta jeshi lake. Alikuwa kanali kama mimi nilivyo rubani. Alifika Anoka, mji mdogo kaskazini ya Minneapolis, katika karne ya kumi na tisa na mashine ya kuchapa juu ya mkokoteni, akafungua ofisi kando ya mto, na kwa kuwa mashine ilikuwa yake na gazeti lilikuwa lake, siku moja akajiandika "Kanali" kwenye ukurasa wa kwanza. Wiki iliyofuata watu walimwamkia hivyo barabarani, naye akaitikia.

Nyumba yake sasa ni makumbusho madogo, vyumba vitatu na choo. Mimi nilianzia chooni, yaani niliajiriwa kufagia na kudeki. Siku ya nne nilimwona mkurugenzi, Bi. Marlys, mama mmoja mpole wa palepale Anoka, akiwaonyesha wageni jinsi Kanali alivyopanga herufi. Mama huyo alizipanga zikimtazama usoni, vichwa juu, kushoto kwenda kulia. Alipochapa, neno likatoka limeanza na herufi ya mwisho. Akaitazama ile karatasi, akasema, "Vema, hii ni tofauti." Nyie mliokaa Minnesota mnajua kwamba mtu wa huku akisema kitu ni tofauti, maana yake ni kibaya na hataki kukuumiza.

Nikaegemeza fagio ukutani. Nikamwambia, mama, herufi hupangwa miguu juu. Ukizigeuza hivyo, unakwenda kushoto kwenda kulia kama kawaida, na mashine itakunyooshea. Nikampangia jina lake mbele ya wageni bila kutazama kasha la vyumba vya herufi, maana vidole vilikuwa bado vinakumbuka kila herufi inakolala. Wageni wakapiga makofi. Bi. Marlys akaniuliza nimejifunza wapi, nikamwambia Tabora. Akaniuliza Tabora ni upande gani wa Minneapolis.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Kasimu, msimamizi wetu katika kiwanda kidogo cha uchapaji cha misheni. Mkali, na pua yake ilikuwa na wino siku zote kwa sababu alikuwa na mazoea ya kujikuna akifikiri. Alitufundisha kusoma herufi zikiwa miguu juu na kinyume, mpaka nikawa nasoma mabango ya barabarani vibaya. Siku moja niliangusha kasha zima la herufi. Hakunigombeza. Alileta kigoda, akaketi, akanitazama nikizichambua siku mbili, moja moja, naye anakula karanga. Kanuni yake kubwa ilikuwa hii: kazi ikishachapwa, fungua uzi uliozifunga herufi pamoja, rudisha kila herufi kwenye chumba chake siku hiyohiyo. Herufi zikilala zimefungwa, alisema, kuna siku mtu mwingine atazisoma. Nilidhani anaogopa kupungukiwa na herufi.

Basi, baada ya mwezi Bi. Marlys akanivua aproni, akanivika koti jeusi la kizamani na kofia ndefu, nikawa Kanali Pugh. Mtoto mmoja wa shule alinitazama kwa muda mrefu, kuanzia kofia mpaka viatu, akaniuliza kama mimi ndiye Kanali kweli. Nikamwambia ndiye, ila nimekaa sana juani. Mwalimu wake akakohoa.

Lakini nilifikaje Anoka kila siku, mimi ninayeishi Brooklyn Center na sina leseni? Mtihani wa kuendesha niliujaribu mara mbili, na mara zote mbili niliangusha koni. Aliyenipeleka alikuwa jirani yangu wa mlango wa pili, Baba Neema, Mkongomani wa Uvira, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha fremu za milango hukohuko Anoka. Alinishusha asubuhi, akanichukua jioni, na nikijaribu kumpa chochote anakasirika. Alitaka kitu kimoja tu. Nikishafunga mkanda pale kiti cha mbele, aliuliza, "Na Kanali, leo alifanya nini?" Nami nikamsimulia mpaka tufike.

Hadithi hazikuisha. Kanali Pugh alihama vyama vinne. Cha tatu kilikuwa chama cha watu wasiokunywa pombe, akakihama siku ya sherehe ya kumpokea, kabla ya chakula. Kila chama alichokihama alikiandika kuwa ndicho kilichomhama yeye. Alipokuwa hana barua za wasomaji, alijiandikia mwenyewe, akazitia sahihi "Mkulima Mwaminifu" na "Mama wa Watoto Saba", na Mama wa Watoto Saba alimsifu mno, mpaka mke wake Kanali akataka kujua mama huyo anakaa wapi. Mpinzani mmoja alimchapa bakora mchana kweupe mbele ya duka la mkate. Gazeti la wiki hiyo likaeleza kwamba Kanali aliizuia bakora kwa mgongo wake, kwa ushujaa mkubwa. Akaingia bungeni kipindi kimoja. Mswada wake pekee ulitaka matangazo yote ya serikali yachapwe katika gazeti la mji, na mji ulikuwa na gazeti moja.

Baba Neema alicheka mpaka gari likayumba. "Huyu tunamujua," alisema. "Kwetu alikuwa na uniforme ya jeshi."

Kitu alichokitaka Kanali maisha yake yote kilikuwa ukuu wa posta. Zama zile, chama kikishinda kiliwagawia wahariri wake ofisi za posta. Alikipata. Na kwenye mlango wa makumbusho kuna kibao cha shaba kinachosema kwamba alikuwa mtu wa msimamo usioyumba.

Sasa sikilizeni. Chini ya meza yake kulikuwa na droo iliyogoma kufunguka. Siku moja nilipaka sabuni pembeni, nikaivuta kwa mguu, ikatoka. Ndani mlikuwa na mafungu mawili ya herufi za risasi, yamefungwa uzi vizuri, yamepauka kwa vumbi. Hakuna mtu aliyewahi kuyasoma kwa sababu hakuna aliyejua kusoma kinyume. Mimi nilijua. Fungu la kwanza lilikuwa tahariri ya kumpongeza mgombea fulani kwa ushindi, na kusema gazeti hili lilimuunga mkono tangu siku ya kwanza. Fungu la pili lilikuwa tahariri ya kumpongeza mpinzani wake kwa ushindi, na kusema gazeti hili lilimuunga mkono tangu siku ya kwanza. Sifa zilezile, hata ndevu za wote wawili zilisifiwa. Alizipanga zote mbili kabla ya kura kuhesabiwa, akachapa moja, akapata posta.

Nilicheka peke yangu mle ndani, kisha nikamwita Bi. Marlys nikamsomea kwa kidole. Akasema ni jambo la kuvutia, akaniomba nisiwasomee wageni, kwa sababu wageni hupenda mtu mwenye msimamo. Hata hivyo alininunulia kioo kidogo cha mkononi, maana nilimweleza kwamba ukikiweka mbele ya herufi, mtu yeyote anaweza kuzisoma. Jioni ile nilimpitisha Baba Neema ndani, nikampa kioo, akasoma zote mbili polepole na mdomo unacheza. Ndipo alipojifunza kutumia kioo. Ni mimi niliyemfundisha.

Mtu mwenye akili angejifunza nini kwa Kanali? Angejifunza kutokuwa kama yeye. Mimi nilijifunza namna ya kuwa kama yeye.

Jumuiya yetu ya Waswahili ilikuwa ikifanya uchaguzi wa mwenyekiti, katika ukumbi wa kanisa pale Brooklyn Center. Nilikuwa mhariri wa jarida la jumuiya, kurasa nne zilizojaa rambirambi, harusi, na matangazo ya wasuka nywele. Wagombea walikuwa wawili. Mmoja Baba Neema. Wa pili Bwana Otieno, Mkenya muuza nyumba, kijana mchangamfu, suti ya buluu, ambaye alinishika mkono akaniambia, "Mzee, hii kitu tuna-win mapema. Na ni lazima tuwe na secretary mwenye experience, unaskia?" Nilisikia vizuri sana. Baba Neema naye alikwisha kuniambia garini, mbele ya mke wangu tuliyekuwa tumempa lifti, "Mungu akisaidia, katibu itakuwa weye."

Nisiwafiche, ukatibu niliutamani. Katibu wetu alikaa meza ya mbele karibu na maua. Alikuwa na ufunguo wa stoo ya viti na masufuria. Wageni wa serikali wakija, yeye ndiye anayewakaribisha kwa kipaza sauti. Nilikuwa mzee wa miaka mingi ambaye mkewe hakumwachia hata rimoti. Kwa hiyo nikaamua kujiwekea akiba pande zote.

Nilimwomba Bi. Marlys nichape ukurasa wa pongezi kwa mashine ya Kanali, upendeze, watu wautie kwenye fremu. Akakubali. Nikapanga mbili. Moja ilimpongeza Baba Neema: mtu wa watu, mkimya, mwenye mkono wazi. Ya pili ilimpongeza Bwana Otieno, na kwa kuwa nafasi ilibaki mistari sita chini, nikaijaza. Hapo ndipo palipo na dhambi yangu, kwenye mistari sita. Niliandika kwamba jumuiya imefanya vizuri kumkataa mtu asiyeweza kuzungumza na wazungu, ambaye Kiingereza chake kinaishia kiwandani, na ambaye wema wake wa kuwabeba watu kwenye gari ulikuwa kampeni ya siku nyingi. Niliiandika kwa ufundi, vijana. Nilichagua kila neno. Na hakuna hata moja nililoliamini.

Baba Neema akashinda kwa kura nyingi. Nikachapa ukurasa wake, ukagawiwa kanisani, akina mama wakaubandika kwenye friji. Bwana Otieno alimpongeza kiungwana, akamwuzia mjumbe mmoja nyumba palepale. Mimi nikashonesha koti la kukalia meza ya mbele. Na ule ukurasa mwingine? Uliachwa umefungwa uzi, ndani ya droo ya Kanali, kando ya mafungu yake mawili. Sikuurudisha vyumbani. Ningesema nilikuwa nimechoka, lakini ukweli ni kwamba niliusoma mara kwa mara na kuona jinsi ulivyopangwa vizuri.

Alhamisi moja Baba Neema alitoka kazini mapema, akaja kunichukua. Nilikuwa chooni nikisugua wino mikononi kwa mafuta ya taa, kama inavyotakiwa. Shikeni hilo nalo, msile chakula na mikono ya risasi, ni sumu. Niliporudi nilimkuta amepiga goti mbele ya droo, ameshika kile kioo. Alitaka kumsoma tena Kanali na zile ndevu alizozisifu. Sasa droo ilikuwa na mafungu matatu.

Alikuwa anasoma polepole na mdomo unacheza. Nikasimama mlangoni na kitambaa mkononi. Nilijua yuko mstari wa ngapi kwa kumtazama midomo.

Alipomaliza alikifuta kioo kwa shati lake, akakirudisha mahali pake.

"Njo weye uliandika?"

"Baba Neema, hiyo ilikuwa..."

"Minauliza kama njo weye."

"Ni mimi."

"Na ile ingine, ya kunisifu. Njo weye vilevile?"

"Ni mimi. Na ile ndiyo ya kweli, wallahi."

Akatikisa kichwa. "Yote inaandikwa na mukono moya. Sasa miye nitajua ya kweli namna gani?"

Nilikuwa nimewachekesha wageni mle ndani kwa miaka, na sasa nikakunja kitambaa tu. Akasema, "Twende, njia ni murefu." Nikafunga mkanda kiti cha mbele. Hakuuliza Kanali alifanya nini. Kutoka Anoka mpaka Brooklyn Center nilisikia tairi tu, na nilitamani anitukane.

Kesho yake, kabla sijapokea mgeni yeyote, nilikata uzi nikarudisha herufi zangu zote vyumbani. Nilimkumbuka Mzee Kasimu na karanga zake. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona hata nilipoangusha kasha.

Jumapili ulikuwa mkutano wa kutangaza kamati. Nilikaa nyuma, karibu na mlango, tayari kuondoka. Mwenyekiti mpya akasimama, akasoma majina kwenye kikaratasi. Alipofika kwa katibu, akalitaja langu. Watu wakapiga makofi. Nikaenda mbele, akanikabidhi ufunguo wa stoo mbele ya watu wote na kunishika mkono. Nikakaa karibu na maua. Mke wangu alinipiga picha, ninayo mpaka leo, na ndani yake ninafanana na mtu anayesubiri kung'olewa jino.

Nje, kwenye maegesho, nilimfuata. Nikamwuliza sababu, "Juu ya nini umenipa ukatibu?" Nilijikuta nazungumza kama yeye.

"Nilikuahidi mbele ya bibi yako," alisema, maana kwao bibi ni mke. "Miye nikiahidi, nimeahidi. Na barua unaandika vizuri, ile sikatai." Akafungua mlango wa gari. "Lakini kesho, Mzee Mihayo, upande bus."

Nikapanda basi. Waliopanga mabasi ya mji huu waliamini kwamba kila binadamu anakwenda Minneapolis. Ili niende kaskazini Anoka, nilianza kwa kwenda kusini katikati ya mji, nikasubiri, nikapanda jingine, kisha nikatembea kando ya mto na ufunguo wa stoo mfukoni umeganda baridi. Theluji ilinifika kwenye soksi. Asubuhi nyingine nilikuwa nimesimama kituoni, naliona gari lake likipita na kiti cha mbele kitupu. Alipiga honi ya salamu kila siku. Baba Neema hana utovu wa adabu.

Kazini nikabadilisha mambo. Nilimwambia Bi. Marlys kwamba kuanzia sasa kila mgeni atapewa kioo na atasoma tahariri zote mbili za Kanali, la sivyo koti na kofia nitamwachia avae mwenyewe. Aliwaza siku tatu, akasema haya. Kibao cha shaba hakukiondoa, kwa kuwa kililetwa na familia yenye heshima. Alikipandisha juu kidogo, mahali ambapo huwezi kukisoma bila ngazi. Wageni wakaongezeka. Wanapenda sana kumcheka Kanali, na nilipokuwa nimevaa kofia yake niliwaacha wacheke.

Mwezi wa tatu, theluji inaanza kuwa tope, gari lilisimama kituoni. Kioo kikashuka.

"Ingia."

Nikashika mlango wa mbele. Kwenye kiti kulikuwa na boksi lake la chakula, limekaa wima, limefungwa mkanda.

"Nyuma," akasema.

Nikakaa nyuma, kando ya kiti cha mtoto, magoti kifuani. Tulipita taa tatu. Kisha aliniangalia katika kioo cha dereva.

"Zile herufi ulizirudisha?"

"Nilizirudisha."

"Yote?"

"Yote. Mpaka nukta."

Taa ya nne ilikuwa nyekundu. Akasimama, akapangusa kioo cha mbele kwa mkono.

"Bien, ni vizuri," alisema. "Na Kanali, leo alifanya nini?"

Nikamsimulia jinsi Kanali, akiwa mkuu wa posta, alivyozirudisha kwa wenyewe barua zote zilizomsema vibaya, baada ya kuzisahihisha. Baba Neema alicheka, gari likayumba, kama zamani. Nami nilicheka mpaka nikajifuta macho, na sikutaka aone.

Basi, vijana, andikeni jarida lenu. Msifuni mnayemwamini, na mkimaliza kuchapa rudisheni herufi vyumbani, hata kama siku hizi vyumba vyenyewe viko ndani ya simu. Mimi niliendelea kwenda Anoka na Baba Neema miaka minne mingine, kila siku, mpaka nilipostaafu. Siku yangu ya mwisho alinisaidia kubeba koti na kofia niliyozawadiwa, akaniwekea nyuma. Boksi la chakula lilikuwa mbele, limefungwa mkanda.